Mnazi Mkongwe, Mzabibu Mkongwe: Sayansi ya Tembo katika Delta ya Rufiji

Kata ya Maparoni, katika Wilaya ya Kibiti, imo ndani ya delta ya Rufiji, pale ambapo mto huo mkubwa hujigawa katika mikono mingi kabla ya kumwaga maji yake baharini, mkabala na kisiwa cha Mafia. Mikoko hutawala tope linalofunikwa na bahari maji yanapojaa. Minazi hushika sehemu zilizoinuka kidogo. Katika pwani yote hii mnazi wa kugemwa hutambulika hata na mgeni. Shina lake lina vidato vilivyokatwa kwa panga, kimoja juu ya kingine, ambavyo mgema huvikanyaga anapopanda. Vidato hivyo havizibi kamwe. Mnazi ukiishi miaka 40 baada ya kukatwa, jeraha litakuwa pale pale, kwa upana ule ule.

Sababu yake imo katika maumbile ya mmea wenyewe. Mwembe au mzabibu una tabaka jembamba la seli chini ya gome, liitwalo kambiamu, ambalo kila mwaka huongeza mbao mpya na kufunika makovu. Mnazi hauna tabaka hilo. Wao ni ndugu wa mahindi na nyasi: shina likishafikia unene wake halinenepi tena, na ukuaji wote hutegemea chipukizi moja lililofichwa kileleni. Kwa hiyo pia mnazi hauna miviringo ya kuhesabia umri. Badala yake mwanafunzi anaweza kuhesabu makovu ya makuti. Mnazi mrefu uliokomaa hutoa takriban makuti 12 hadi 14 kwa mwaka, na kila kuti linapoanguka huacha pete shinani. Mnazi wenye pete 650, zikigawanywa kwa 13, unapata miaka 50. Ukiongeza miaka kama mitano ya utoto kabla shina halijaonekana juu ya ardhi, jumla ni miaka 55. Ni kadirio tu, maana ukame hupunguza idadi ya makuti, lakini ni kadirio lisilohitaji chombo chochote.

Umri wa mmea ni jambo linalothaminiwa sana na watengenezaji wa divai. Kuna aina ya zabibu nyekundu iitwayo Grenache, ambayo Wahispania huiita Garnacha, na ambayo hustawi katika nchi za joto na ukame: Hispania, kusini mwa Ufaransa, na bonde la Barossa huko Australia, ambako ipo mizabibu iliyopandwa katikati ya karne ya 19 na ingali ikizaa. Mzabibu mkongwe huzaa vichala vichache, na watengenezaji wengi husadiki kwamba uchache huo huongeza ladha. Ndiyo maana divai iliyotokana na shamba moja tu la mizabibu mikongwe huuzwa kwa jina la shamba hilo, na kwa bei ya juu. Hapa nchini mzabibu una makao yake Dodoma, ambako huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza. Delta ya Rufiji haiufai: unyevu wa hewa ya pwani ni karamu ya ukungu wa majani. Divai ya pwani, tangu zamani za kale, ni tembo la mnazi.

Mvunaji wa zabibu hungoja tunda liive. Mgema hangoji tunda; yeye hulitangulia. Hulichagua kole changa lililo bado ndani ya karara, akalifunga lisipasuke, akaliinamisha kidogo kidogo siku baada ya siku, kisha akakata ncha yake kwa kotama na kuning'iniza kibuyu. Kinachodondoka ni utomvu uliokuwa ukisafiri kutoka kwenye makuti kwenda kulisha nazi ambazo sasa hazitakuwapo. Mishipa iliyokatwa hujaribu kujiziba, kama jeraha la ngozi linavyoganda damu. Ndiyo sababu mgema hurudi mara mbili au tatu kwa siku kukata tena kipande chembamba mno. Mkono mzito humaliza kole kwa siku chache. Mkono mwepesi hulifanya litoe kwa majuma kadhaa.

Utomvu mbichi una sukari kama gramu 150 katika lita moja, na ni sukari ile ile ya miwa. Humo kibuyuni hamira hushambulia mara moja. Kila molekuli ya sukari hiyo, pamoja na molekuli moja ya maji, hutoa molekuli nne za alkoholi na nne za kaboni dioksidi, hewa inayolifanya tembo litoe povu. Kwa hesabu za darasani, gramu 342 za sukari hutoa gramu 184 za alkoholi; basi gramu 150 zingetoa takriban gramu 80, yaani kama asilimia 10 kwa ujazo. Hata hivyo tembo linalonyweka kwa kawaida huwa na karibu nusu ya kiasi hicho. Sukari iliyobaki imekwenda wapi?

Nyingine bado imo, na hiyo ndiyo utamu wa tembo la asubuhi. Lakini nyingine imeliwa na bakteria. Hapa ndipo tembo na divai vinapoachana kabisa. Maji ya zabibu yana asidi kali, pH ya 3 hadi 4, nayo huwazuia bakteria wengi wakati hamira ikifanya kazi yake. Utomvu wa mnazi hauna ngome hiyo. Hudondoka ukiwa karibu na pH ya 7. Katika kibuyu kimoja hukutana hamira, bakteria wa asidi ya maziwa, bakteria aitwaye Zymomonas ambaye naye hutengeneza alkoholi, na mwisho bakteria wa siki, ambao huihitaji oksijeni ili kuigeuza alkoholi kuwa asidi. Divai nzuri ya Grenache yaweza kungoja miaka kumi ndani ya chupa. Tembo la jana ni kali. La juzi linaelekea kuwa siki, na siki ya tembo ina kazi yake jikoni, hata katika nyumba ambazo kwa ajili ya dini hazinywi kileo. Asali ya tembo nayo hupatikana kwa kuuchemsha utomvu mapema, kabla hamira haijauwahi.

Mtu akiuliza kama tembo nalo lina "shamba" lake, jibu limo kibuyuni. Kibuyu hakioshwi kwa sabuni. Masalia ya jana ndiyo hamira ya leo. Kila mgema, bila ya kujua, hufuga kundi lake la vijidudu, na yumkini hiyo ni sababu mojawapo ya matembo ya minazi ya jirani kutofautiana ladha. (Kuhusu mgema asifiwaye akalitia maji: mwalimu mwenye haidromita asidhani atamkamata kwa urahisi. Maji hupunguza uzito wa tembo, lakini hata uchachukaji wenyewe huupunguza.)

Jambo zito zaidi ni mbegu. Mzabibu huzalishwa kwa kipandikizi: kipande cha tawi la mti wa miaka 100 hutoa mzabibu ule ule. Mnazi hauna tawi la kukata. Huzaliwa kwa nazi tu, na minazi mirefu ya pwani huchavushana, hivyo kila mmoja ni wa pekee. Sasa, pwani ya Tanzania Bara ina ugonjwa wa kunyong'onyea wa minazi, uletwao na vijidudu viishivyo ndani ya mishipa ile ile anayoikata mgema. Nazi changa hupukutika, makole huwa meusi, makuti hugeuka manjano, kisha kilele huanguka na kuacha nguzo tupu. Dawa haijapatikana. Katika majaribio yaliyofanywa chini ya Mradi wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, ulioanza mwaka 1979, aina nyingi zilizoletwa kutoka nje ziliangamia, ilhali baadhi ya minazi mirefu ya kienyeji ilistahimili zaidi.

Kwa hiyo mnazi mkongwe uliobaki umesimama mahali ambapo wenziwe walikufa waweza kuwa umebeba urithi ambao maabara haijui kuuunda, na ukigemwa makole yote hautoi hata nazi moja ya kupanda. Mnazi mrefu hutoa karara kama moja kila mwezi. Mgema anayegema makole mawili na kuliacha la tatu lizae hupoteza sehemu ya pato lake la mwaka. Nazi zinazopatikana zapaswa kukomaa kwa muda wa takriban miezi 12 kabla ya kuatikwa, na mche utakaotokana nazo, ukiota vema katika mchanga wa Maparoni, utatoa karara lake la kwanza baada ya miaka 6 au 7.