Barua na faili zenye siri: ulipie nini, uache nini

Anayetafuta huduma ya barua pepe na ya kuhifadhi faili mtandaoni huanza kwa kuuliza: gigabaiti ngapi, kwa pesa ngapi? Kwa wakili anayetuma mikataba, daktari anayepeleka majibu ya vipimo au mweka hazina wa kikundi cha akiba, lipo swali linalotangulia hilo. Ufunguo wa kufungulia nyaraka hizo uko mkononi mwa nani?

Gmail husimba barua, yaani huzigeuza zisisomeke bila ufunguo, zikiwa njiani na zikiwa kwenye seva, lakini kwenye akaunti za kawaida ufunguo unabaki kwa Google. Mahakama yenye mamlaka juu ya kampuni ikiamuru, barua zinasomeka. Kampuni kama Proton na Tuta zimechagua njia nyingine, usimbaji wa mwisho hadi mwisho, ile ambayo wengi wetu tunaijua kupitia WhatsApp: ujumbe husimbwa kwenye kifaa cha mtumaji na kufunguliwa kwenye kifaa cha mpokeaji, na kampuni iliyo katikati haina ufunguo.

Gharama kwa mwaka

Proton ilianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 2014 na wanasayansi waliokutana kwenye kituo cha utafiti cha CERN. Akaunti yake ya bure inatoa hadi GB 1 ya barua na hadi GB 5 za faili. Kifurushi cha Mail Plus kinatoa GB 15 kwa takriban euro 4 kwa mwezi ukilipia mwaka mzima, yaani euro 48. Cha Unlimited kina GB 500 za barua na faili kwa pamoja, kwa takriban euro 120 kwa mwaka.

Tuta, ya Hannover, Ujerumani, ilianza mwaka 2011 na hadi 2023 iliitwa Tutanota. Akaunti ya bure ina GB 1, kwa matumizi binafsi tu. Kifurushi cha kwanza cha kulipia kina GB 20 kwa takriban euro 36 kwa mwaka.

Njia ya tatu ni kubaki na Google Drive au Dropbox uliyonayo, kisha kufunga faili kwa Cryptomator kabla hazijapanda mtandaoni. Kwenye kompyuta programu hii ni ya bure; kwenye simu unalipa mara moja ili upate uwezo wake wote. Gmail yenyewe inatoa GB 15 bure, zinazogawanywa kati ya barua, faili na picha.

Bei hizi hubadilika, na hulipwa kwa fedha za kigeni. Kabla ya kulipa, jumlisha makato ya benki au ya kadi pepe ya simu. Kulipa mara moja kwa mwaka kunapunguza bei ya huduma na idadi ya makato.

Tofauti zisizoonekana kwenye bei

Kwa barua peke yake, Tuta ni nafuu na inafunga zaidi: hata kichwa cha barua husimbwa. Proton hufuata kanuni ya usimbaji iitwayo OpenPGP, na kichwa cha barua hakimo katika usimbaji wake wa mwisho hadi mwisho. Ukiandika jina la mgonjwa na ugonjwa wake kwenye kichwa, umeyaanika yale uliyotaka yawe siri. Hata hivyo kanuni hiyohiyo inamwezesha mtumiaji wa Proton kuandikiana kwa siri na yeyote anayetumia OpenPGP kwingineko, kwa mfano kwenye programu ya barua ya Thunderbird. Tuta haiendani na OpenPGP wala haifunguki kwenye Thunderbird au Outlook.

Kwa faili za pamoja, Proton inashinda. Folda hushirikishwa kwa watu uliowataja, na ruhusa ya mmoja inaweza kuondolewa bila kuwasumbua wengine. Cryptomator ya kawaida inataka wote wajue nenosiri moja. Mtu akiacha kazi, inabidi kuanza upya. Inamfaa mtu mmoja kuliko ofisi.

Na mpokeaji anayetumia Gmail? Ukimwandikia barua ya kawaida kutoka Proton au Tuta, nakala yake inakaa Google kama barua nyingine yoyote. Kampuni zote mbili zinakuruhusu kumtumia barua iliyofungwa kwa nenosiri. Nenosiri hilo mpe kwa simu, usiliandike kwenye barua nyingine. Hatua hii haina gharama, lakini bila hiyo fedha uliyolipa haikulindi.

Tambua pia mipaka ya ulinzi huu. Mwaka 2021 Proton ililazimishwa kwa amri ya Uswisi, iliyotokana na ombi la Ufaransa, kurekodi na kutoa anwani ya IP ya mwanaharakati mmoja. Usimbaji huficha yaliyoandikwa; hauahidi kumficha aliyeandika.

Gharama ya mwisho ni ya uangalifu. Ukisahau nenosiri la Proton unaweza kurudishiwa akaunti, lakini bila maneno ya urejeshaji au njia nyingine uliyoiandaa mapema, barua za zamani zitabaki zimefungwa. Kwa Tuta, ukikosa nenosiri na msimbo wa urejeshaji, akaunti imepotea. Viandike kwenye karatasi, uvifungie kabatini.

Uchaguzi wetu

Kwa mtu binafsi: baki na Gmail kwa mambo ya kawaida, fungua akaunti ya bure ya Proton au Tuta kwa nyaraka nyeti, na usilipe hadi nafasi ikuishie. Mwenye faili nyingi zilizokwisha kuwekwa Google Drive atumie Cryptomator. Ofisi inayoshirikiana faili ichukue kifurushi cha ofisi cha Proton, ikijua kwamba kinatozwa kwa kila mtumiaji. Hapo usibane matumizi: Kenya tangu sheria ya 2019, na Tanzania tangu ile ya 2022, anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Mgonjwa au mteja hakuulizwa utumie huduma ipi. Amekuachia wewe siri yake, na ni haki yake ifungwe vizuri.