PIKIPIKI ZA ZAMANI ZA MJAPANI: UKITAKA KUNUNUA, ANZIA KWENYE SPEA NA KADI

Leo naongelea ugonjwa wangu. Nina duka dogo la spea za pikipiki hapa Tukuyu mjini. Shule niliishia form four, mambo ya injini nimejifunzia hapa hapa kaunta kwa kuwauliza mafundi mpaka wakanichoka. Ugonjwa wenyewe ni pikipiki za zamani za Mjapani: Honda CG, Honda XL, Yamaha DT, Yamaha AG. Zile za mabwana shamba na wamisheni. Ikipita moja barabara ya Kyela, naijua kwa mlio kabla sijainua kichwa.

Mwaka 2021 huo mlio uliniponza. Nilisikia kuna DT 125 kwa mzee mmoja kule Mwakaleli. Nikaenda, nikasalimia, "Shikamoo baba," akaniitikia, akaipiga kiki mara moja tu ikawaka. Basi, akili ikahama. Nikatoa 850,000, na hiyo hela ilikuwa ya kuleta tairi. Ulikuwa msimu wa parachichi, boda wanashinda mashambani kwenye matope, tairi ndo zinatoka kuliko kitu chochote. Nikakaa msimu mzima nawaambia wateja tairi zimeisha, wanahamia duka la jirani, na mimi nina DT uani.

Wiki ya tatu natoka Kyela, kile kipando chote unakijua, karibu na Ushirika pistoni ikakwama. Tairi la nyuma likajifunga. Mungu saidia nilikamata klachi.

Kilichotokea ni hiki. DT haina oili ya injini kama hizi za kawaida. Inaunguza oili pamoja na petroli, na ina kitangi chake cha oili na pampu yake inayopeleka kidogo kidogo. Pampu ilikuwa imekufa, kitangi kimejaa safi kabisa, mimi nikaona kimejaa nikaridhika. Kumbe kujaa siku zote ndo dalili yenyewe! Ukipanda kilomita nyingi na oili haipungui, zima, shuka.

Halafu fundi akafungua, akakuta silinda imeshachongwa mpaka saizi ya mwisho. Silinda ikilika inachongwa kidogo, unaweka pistoni kubwa zaidi kidogo: 0.25, 0.50, kuendelea mpaka milimita 1. Baada ya hapo chuma kimebaki chembamba, unatafuta silinda nyingine, na ya DT si ya kuikuta Mbeya mjini ukipita tu. Niliagiza Kariakoo, ikaja siyo yenyewe.

Kwa hiyo siku hizi muuzaji namuuliza swali moja la kwanza: silinda imechongwa mara ngapi? Akibabaika, naomba tufungue kichwa mbele ya fundi. Juu ya pistoni saizi huwa imegongwa kwa namba. Akikataa kufungua, naaga.

Sasa kulinganisha. Kwa mtu wa Rungwe mwenye biashara, mimi naweka CG 125 mbele, na sababu siyo mapenzi. Honda waliitoa miaka ya 1970 kwa watu ambao hawamwagi oili kwa wakati, yaani sisi. Valvu zake zinasukumwa na fimbo, haina ile cheni ndefu ya taimingi ya kupanda mpaka kichwani. Wachina wakaiga injini hiyo, ndo maana pikipiki nyingi za Kichina za 125 unazoziona stendi zina tumbo la CG. Angalia kwenye injini ya Mchina, ukikuta 156FMI, hiyo 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita. CG ya Mjapani ni 56.5. Spea nyingi zinaingiliana. Nimesema nyingi! Beba ya zamani mkononi uje nayo dukani tupime, hasa sahani za klachi na gia.

XL 125 ni nzuri kuliko zote kwa njia za Busokelo, imenyanyuka, haigusi mawe. Ila kamshafti yake inazungukia kwenye kichwa chenyewe cha aluminiamu, haina beringi. Mtu akiendesha na oili pungufu, kichwa kizima kinakwisha. Iwashe ikiwa ya baridi, sikiliza juu. Ikigonga kama cherehani, punguza bei au ondoka.

AG 100 watu wanaidharau kwa sababu ina sura ya shamba. Cheni yake imefunikwa yote, na kwa mvua yetu hii hilo siyo jambo dogo. Ila nayo ni ya kuunguza oili, kwa hiyo yale ya pampu yanakuhusu.

Taa pia. Nyingi za miaka ya 1970 ni volti 6. Ukifunga balbu ya 12 utaona mwanga kama kibatari, utalaumu koili bure.

Kadi nimeiacha mwisho ila ndo iliyonimaliza. DT yangu ilikuwa na namba za DFP, za miradi ya wafadhili. Mradi ulishafungwa, mzee ana karatasi ya kuandikwa kwa mkono tu kwamba alipewa. Karatasi hiyo haihamishi umiliki. Pikipiki ya mradi au ya serikali iwe na nyaraka za mnada au za kuuzwa, na kadi halisi, na namba za chasisi na injini zilizo kwenye chuma zifanane na za kwenye kadi. Sugua tope kwa kitambaa uzisome mwenyewe. Halafu mkataba wa mauziano, TRA, umiliki uhamie kwenye jina lako kabla hujanunua hata plagi.

CG niliipata mwaka uliofuata kwa 600,000, kadi safi, na hela hiyo niliiweka pembeni kwenye kopo miezi tisa bila kugusa ya duka. Ndo inayobeba mzigo wangu leo.

DT bado iko uani chini ya turubai. Jumamosi naenda Masoko kuangalia XL ya mwalimu mstaafu. Amesema kadi ipo. Nakwenda na fundi, na hela nimeiacha nyumbani.