Mwanafunzi Mgeni Maabarani na Sampuli ya Kichaa cha Mbwa

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mbwa hulinda boma na mifugo. Tangu mwaka 2002 watafiti wamefuatilia kichaa cha mbwa katika vijiji vya wilaya ya Serengeti: nani ameumwa, na mbwa yupi, na mbwa huyo aliupata ugonjwa wapi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, yakiijumuisha wilaya ya Ngorongoro, yalionesha kuwa mbwa mmoja mgonjwa huambukiza, kwa wastani, wengine wasiofika wawili. Hivyo ugonjwa huu waweza kukomeshwa iwapo angalau asilimia 70 ya mbwa watachanjwa.

Lakini ufuatiliaji bila uthibitisho wa maabara haukamiliki, na hapo ndipo mwanafunzi mpya wa chuo kikuu anapoanzia kazi.

Jambo la kwanza si hadubini, bali chanjo yake mwenyewe. Virusi hivi vikishaleta dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kwa hiyo asiyechanjwa haruhusiwi kugusa sampuli. Pili, hufundishwa kuvaa glavu, barakoa, miwani na koti, na kutakasa taka kwa mvuke wa joto kali kabla ya kuzitupa. Tatu, husoma itifaki ya utafiti na kibali cha maadili, ili ajue taarifa zipi za majeruhi ni siri.

Kisha huja kazi inayodhaniwa kuwa ndogo: kuandika lebo. Sampuli ni kipande cha ubongo wa mnyama, hasa shina la ubongo, kilichosafirishwa katika baridi au katika gliserini. Namba ikikosewa, jibu la mbwa wa kijiji kimoja hupelekwa kijiji kingine. Daftari la maabara huandikwa kwa wino, papo hapo. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja, halifutwi.

Kipimo cha kawaida hutumia kingamwili zinazong'aa chini ya hadubini maalumu. Kipo kingine, kilichotathminiwa kwa sampuli za Tanzania katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, ambacho husomwa kwa hadubini ya kawaida. Hicho chafaa mahali penye vifaa vichache. Mgeni husoma kila kioo pamoja na mzoefu, sambamba na kioo chenye virusi na kisicho navyo, mpaka majibu yao yalingane.

Mhudumu wa afya na mgonjwa wakumbuke jambo moja: matibabu hayasubiri maabara. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Jibu la maabara huwasaidia watoa huduma kuwatafuta wengine walioumwa na mnyama yule yule, kabla muda haujapita.