Ukiambiwa vipimo vya ini 'viko juu', usianze kuandika wosia

MZEE mmoja anayeshona viatu na mishipi ya ngozi katika soko la Kariokor aliingia kliniki yangu akiwa ameshika karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Nilimkaribisha kiti, akakataa kuketi.

"Daktari, usinifiche. Nimebakisha miezi mingapi?"

Karatasi ilikuwa na mistari minane. Kwenye mistari miwili maabara ilikuwa imechapa herufi H, ishara kwamba kiwango kimepita kile cha kawaida. Aliyempa karatasi hiyo alikuwa amemwambia kuwa ini lake "limeanza kuoza". Nyumbani nako mama watoto alikuwa amekwisha kutoa hukumu: ni pombe, na mzee amekuwa akimdanganya miaka hii yote anapodai kwamba aliacha kunywa. Kwa hivyo bwana huyu hakuwa na hofu ya kifo peke yake. Alikuwa amepoteza pia imani ya watu wa nyumba yake, na yote hayo kwa sababu ya herufi moja.

Nitarudi kwake baadaye. Kwanza ni muhimu msomaji aelewe kwamba jina lenyewe la kipimo hiki linapotosha. Huitwa kipimo cha utendaji kazi wa ini, ilhali sehemu kubwa ya tarakimu zilizomo hazipimi kazi yoyote.

Hebu fikiria mojawapo ya hoteli zetu za nyama choma pale sokoni. Ukipita ukaona vigae vya sahani nje ya mlango, utajua jikoni kuna jambo limetokea. Lakini vigae havikuambii kama ugali umeiva au kama wateja wanapata chakula. Ili kujua hilo, sharti utazame kinacholetwa mezani.

Kwenye karatasi ya ini, vigae ni vile vimeng'enya vinavyoandikwa kwa kifupi ALT na AST. Makao yake ni ndani ya seli. Seli ikiumia au ikifa, huvuja na kuingia katika damu, nasi huvipima huko. Chakula cha mezani ni albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini pekee, na muda unaochukuliwa na damu kuganda, kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya vitu vya kugandisha damu.

Si kila AST hutoka kwenye ini

Katika maabara nyingi, ALT na AST huhesabiwa kuwa za kawaida zikiwa chini ya 40 hivi. Hata hivyo, kila maabara ina mitambo yake na mipaka yake, ambayo huchapishwa kando ya jibu lako. Linganisha na hiyo, wala si na karatasi ya jirani.

ALT hupatikana kwa wingi zaidi katika ini. AST ni mzururaji: imo katika ini, moyo, misuli na hata chembechembe nyekundu za damu. Kwa hakika, mwaka wa 1954 madaktari wa New York walipotangaza kwamba kiwango cha AST hupanda katika damu, walikuwa wakichunguza wagonjwa wa moyo. Mambo ya ini yalifuata baadaye.

Kwa sababu hiyo, hamali anayebeba marobota ya mitumba Gikomba kuanzia alfajiri anaweza kuwa na AST iliyopanda, na hata ALT kidogo, ilhali ini lake ni zima. Kadhalika kijana aliyeanza kuinua vyuma juzi. Aidha, damu ikivutwa kwa nguvu au ikikaa sana kabla ya kufikishwa maabara, chembechembe hupasuka na AST hupanda ndani ya chupa. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalofanya nikipewa jibu lisiloelewana na mgonjwa aliye mbele yangu ni kupima tena.

Isitoshe, mipaka ya kawaida huwekwa hivi kwamba kati ya watu 20 walio wazima, mmoja hivi atatoka nje yake. Ukipimwa vitu vinane kwa wakati mmoja, uwezekano wa angalau kimoja kupotoka kwa bahati tu si mdogo hata kidogo.

Je, kiasi gani ni kingi? Ikiwa ALT imepita mpaka mara mbili au tatu, na mgonjwa anatembea na kula vizuri, mimi hufikiria mafuta kwenye ini, virusi vya homa ya ini vilivyokaa muda mrefu, pombe, au dawa. Ikiwa imeruka hadi mamia mengi au maelfu, hilo ni jambo la siku hiyo hiyo: virusi vilivyoingia karibuni, sumu, au parasetamoli nyingi kupita kiasi. Wengi tunakumbuka mwaka wa 2004, wakati mahindi yaliyoota ukungu yalipowasumisha watu Ukambani, hasa Makueni na Kitui. Wagonjwa 317 waliandikishwa na 125 wakafa. Sumu ile, aflatoksini, hushambulia ini moja kwa moja, na waliokuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B walikuwa katika hatari zaidi.

Kuhusu pombe, karatasi yaweza kutoa fununu lakini haiwezi kutoa ushahidi wa mahakamani. Kwa kawaida ini linaloumizwa na pombe huonyesha AST iliyo mara mbili ya ALT au zaidi, na ni nadra ipite 300. Mtu mwenye kitambi, sukari au mafuta mengi mwilini huonyesha kinyume: zote mbili juu kidogo, ALT ikiongoza. Siku hizi wa aina hii nawaona wengi, wakiwemo akina mama ambao hawajaonja pombe maishani mwao.

Macho ya manjano

Bilirubini ni rangi ya manjano inayobaki chembechembe nyekundu zilizozeeka zinapovunjwa. Ini huichukua, huitengeneza na kuitoa pamoja na nyongo. Kiwango cha kawaida hakizidi 20 hivi, na macho huanza kuonekana manjano ikikaribia 40 au 50.

Hapa pia si kila manjano ni ini. Mtoto mwenye selimundu, au mgonjwa wa malaria kali, huwa na macho ya manjano kwa sababu damu inavunjika haraka kuliko uwezo wa ini kuisafisha. Wapo pia wazima kabisa waliozaliwa na ini linaloishughulikia rangi hii polepole. Wakifunga au wakipata homa, macho hubadilika kidogo kisha hurudi. Hao hawahitaji dawa yoyote.

Lakini ikiwa mkojo ni mweusi kama strungi, choo kimepauka, na mwili unawasha usiku kucha, tazama mstari wa ALP na wa GGT. Vyote viwili vikiwa juu, yamkini mfereji wa nyongo umezibwa, ama na kijiwe ama na uvimbe, na picha ya tumbo inahitajika bila kuchelewa. ALP ikiwa juu peke yake ni hadithi nyingine: hutoka pia kwenye mifupa na kwenye kondo la nyuma. Kijana wa miaka 14 anayerefuka na mama mwenye mimba ya miezi minane huwa nayo juu, nao wako sawa.

Jiko lililokwisha sahani

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko herufi H zote. Jiko lililokwisha sahani halitoi vigae. Ini lililojaa makovu na kusinyaa huweza kuwa na seli chache zilizobaki za kuumia, na hivyo ALT na AST zikawa za kawaida kabisa. Mgonjwa huyo hurudi nyumbani akifurahi, huku miguu ikivimba na tumbo likijaa maji. Ukimtazama vizuri, albumini yake imeshuka chini ya 35 na damu inachelewa kuganda. Hizo ndizo tarakimu zinazosema ini limeshindwa kazi, na hazina kelele.

Kuna ugonjwa mmoja unaoweza kuhadaa hata zaidi. Waliokulia kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea au kando ya Ziwa Victoria wanaijua kichocho. Ile aina inayokaa katika mishipa ya matumbo hutaga mayai yanayobebwa na damu hadi kwenye ini, nayo huziba njia za damu bila kuziua seli sana. Karatasi ya ini huwa safi. Wengu huvimba, mishipa ya umio hujaa, na siku moja mtu anatapika damu beseni zima. Kwa hivyo nikimwona mtu wa Mwea mwenye uvimbe upande wa kushoto chini ya mbavu, siridhiki na karatasi hata ikiwa imepambwa kwa majibu mazuri.

Albumini nayo haisomwi peke yake. Hushuka polepole, kwa majuma, na hushuka pia kwa mtu mwenye ugonjwa wa figo, kwa mtoto aliyekosa lishe, na kwa mama mjamzito.

Dawa unazokunywa

Unapopeleka karatasi kwa daktari, peleka pia kila kitu unachokunywa, ikiwemo ile chupa ya mitishamba uliyoificha kabatini. Watu wengi wa mitaa yetu ya Eastlands wako kwenye dawa za kifua kikuu, na tatu kati ya hizo zinaweza kuliumiza ini. Kupanda kidogo kwa ALT wakati wa matibabu ni kawaida na dawa huendelea. Lakini ikifika mara tatu ya mpaka na mgonjwa anatapika au amegeuka manjano, au mara tano hata kama hajisikii vibaya, daktari huzisimamisha na kuzirudisha kwa utaratibu maalumu. Nimesema daktari. Ukiziacha mwenyewe, kifua kikuu hurudi kikiwa sugu.

Kuhusu zile dawa za "kusafisha ini" zinazouzwa barabarani na kwenye matatu: ini halina mfereji wa kuzibuliwa. Baadhi ya wagonjwa wenye ALT za juu sana ninaowatuma hospitalini wametoka kwenye dawa kama hizo.

Fundi wetu wa viatu

ALT ya mzee ilikuwa 68 na AST 49. Hiyo si sura ya pombe, na nilimwandikia hivyo kwenye kipande cha karatasi ili aende nacho nyumbani. Albumini na bilirubini zilikuwa safi. Kwa kuwa alikuwa na kitambi, nilidhani ni mafuta tu. Ningeishia hapo ningekosea, kwa maana kipimo cha homa ya ini aina ya B, ambacho ni tone la damu na dakika chache za kungoja, kilionyesha kwamba anavyo virusi.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivyo mwishoni mwa 2001. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo wengi wetu hatukuchanjwa. Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka 30 au 40 bila dalili, huku ALT ikiwa juu kidogo au ikiwa ya kawaida, kisha vikaleta makovu au saratani ya ini.

Swali la mkewe lilikuwa jepesi kutabiri: ameyatoa wapi? Ni kweli huambukizwa kwa kujamiiana. Lakini katika nchi zetu walio navyo kwa muda mrefu mara nyingi waliambukizwa wakiwa watoto, kutoka kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvifukuza. Ni mtoto mchanga anayeshindwa. Kwa hiyo yaelekea mzee alikuwa navyo kabla hajamjua mama huyu. Nililieleza jambo hilo mara mbili, wote wawili wakiwa wameketi.

Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa siku hiyo. Tulipima wingi wa virusi, tukahesabu vigandisha-damu, ambavyo vikilinganishwa na AST hutupa makisio ya makovu kwa gharama ndogo, na tukapiga picha ya ini. Tulipima pia Ukimwi, kwa sababu dawa inayotumiwa sana, tenofoviri, hutumiwa na wenye virusi vya Ukimwi vilevile, na kuitoa peke yake kwa mtu mwenye vyote viwili hufanya Ukimwi uwe sugu. Mzee hakuwa nao. Makovu yalikuwa machache, virusi vilikuwa vingi, naye ameanza dawa. Atapimwa ini kila baada ya miezi sita.

Mama watoto hakuwa na virusi, wala hakuwa na kinga. Chanjo ya mtu mzima ni sindano tatu: ya leo, ya mwezi ujao, na ya mwezi wa sita. Alikuja kwa ile ya pili Jumamosi iliyopita akiwa na watoto wawili wakubwa, waliozaliwa kabla ya 2001, nao wapimwe.