Kani, Kazi na Nguvu: Istilahi za Usanifu wa Mitambo Katika Majaribio

Neno "nguvu" limetwishwa mzigo mkubwa katika maandishi yetu ya ufundi. Mfasiri mmoja hulitumia kwa maana ya msukumo au mvuto, mwingine kwa maana ya nishati, na wa tatu kwa kasi ya injini kufanya kazi. Mwanafunzi wa usanifu wa mitambo hawezi kukokotoa sawasawa iwapo vitu vitatu vinaitwa kwa jina moja. Hapa tunaonyesha jinsi majaribio madogo yanavyozitenga maana hizo.

Usambara ina mfano wake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma ya kuteremshia miti ya mierezi kutoka misitu ya Shume hadi Mkumbara, penye reli ya Tanga. Mwalimu wa Lushoto aweza kuunda kielelezo cha njia kama hiyo kwa makapi, uzi, mawe na mizani ya springi.

Kwanza, jiwe la kilo 4 lining'inizwe kwenye mizani. Itaonyesha niutoni 40 hivi. Hiyo ni kani.

Pili, ncha moja ya uzi ifungwe kwenye boriti, uzi upite chini ya kapi lililobeba jiwe, na ncha ya pili ivutwe juu kwa mizani. Itasoma niutoni 20 na ziada kidogo, kwa sababu ya msuguano na uzito wa kapi. Lakini ili jiwe lipande meta 1, uzi hauna budi kuvutwa meta 2. Kani imepungua, kazi haikupungua.

Tatu, jiwe lipandishwe polepole, kisha upesi. Kazi ni ile ile, ila muda umetofautiana. Kiasi cha kazi kwa muda ndicho tunachopendekeza kiitwe nguvu, kama mafundi wasemavyo "nguvu ya farasi". Uwezo wa kufanya kazi ubaki nishati.

Mwisho, jiwe zito linaloteremka lipandishe jepesi. Injini haihitajiki, lakini mwendo huzidi kuongezeka. Hapo mwanafunzi hutambua kwamba lazima asanifu breki, na kwamba msuguano, uliokuwa adui kwenye kapi, ni msaada kwenye breki.

Basi kabla ya kuandika "nguvu", mfasiri na atazame kipimo: niutoni ni kani, juli ni kazi au nishati, wati ni nguvu.