Si Meno ya Nailoni, Mama

Mama mpendwa, mtoto akiharisha na ufizi ukavimba, huko Mbulu na Hanang wapo watakaokuambia ana "meno ya nailoni", ang'olewe. Usikubali. Uvimbe ule ni jino la chonge la utotoni, ambalo hutoka mtoto akikaribia miaka 2. Chini yake limelala chonge la ukubwani. Ufizi ukichimbwa, nalo huumia. Chonge la chini hutoka kwenye miaka 9 au 10. Lisipotoka, picha ya eksirei yaweza kulionyesha limekwama mfupani, au halipo kabisa. Tena kidonda chaweza kuingia wadudu na kumwua mtoto. Akiharisha, endelea kumnyonyesha, mpe maji ya chumvichumvi, mpeleke zahanati. Meno hayo kapewa na Mungu, tuyatunze.