Chozi, Kunguru na Darubini ya Kuazima

Ndugu msomaji, ikiwa Jumapili asubuhi huna shughuli, wala huna nauli ya kwenda mbali, mchukue mwanao mwende Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribu mimea ya biashara. Leo ni kivuli cha watu waliochoka, na makao ya ndege.

Mtafute chozi. Ni ndege mdogo, atoshaye kiganjani, mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Dume humetameta kijani mgongoni na tumbo lake ni la manjano. Lakini fundi wa nyumba ni jike. Hufuma majani makavu kwa utando wa buibui hata kikapatikana kifuko kinachoning'inia tawini, chenye kitundu ubavuni. Mimi na binti yangu, mwenye umri wa miaka minane, tulimtazama mmoja kwa Jumapili tatu mfululizo.

Kero hazikosekani. Jumapili ya kwanza askari alitaka kujua darubini yangu, nayo ni ya kuazima, inapeleleza nini karibu na ofisi za Serikali. Nilimwonyesha kiota. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, akaondoka bila neno.

Lakini askari si kitu mbele ya kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji: aliletwa Unguja kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale takataka, kisha akavuka bahari kuja bara. Takataka zingalipo, naye ameongezeka. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Mitego na sumu vimejaribiwa jijini, naye bado yupo.

Jumapili ya nne tulikuta kifuko kimeraruliwa, nyuzi zikipeperuka. Kunguru wawili walikuwa juu ya tawi lilo hilo. Binti yangu aliokota jiwe. Nikamzuia, kisha nikajuta kumzuia. Njia nzima hakusema nami.

Wiki iliyofuata ni yeye aliyeniamsha alfajiri. Tulizunguka bustani nzima bila kuona kitu. Tulipokuwa tukielekea langoni alinivuta shati: jike la chozi lilikuwa likibandua utando wa buibui ukutani, likaruka nao kuingia kichakani, mahali pa chini, palipofungamana miiba.

Darubini sijairudisha.